Filamu ya Freud ya 1962: daktari kapewa sifa zote, binti aliyewafundisha kusikiliza kafutwa jina

Taa ya Chemli (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye kahawa avute kigoda.

Wiki iliyopita mvua ilinifungia ndani siku mbili, nikaitoa kabatini filamu ya John Huston iitwayo "Freud", ya mwaka 1962. Hii ni mara yangu ya tatu kuiangalia. Mara ya kwanza nilikuwa chuo, mwalimu wetu wa saikolojia alituwekea ukutani mchana wa jua kali na mapazia yaliyotoboka, tukaona nusu ya sura na kusikia nusu ya maneno. Mara ya pili nilifuata muziki tu. Safari hii nimeiangalia nikiwa nimeshasoma habari za wagonjwa wenyewe, na nimeinuka kwenye kiti na kinyongo. Filamu ni nzuri, hilo sibishani na mtu. Ila kuna mtu kaporwa humo ndani, na nataka tumzungumzie.

Kwa wasioijua: haya si maisha yote ya Sigmund Freud. Yule mzee wa ndevu nyeupe na sigara nene, aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938 na kufia London mwaka uliofuata, hayumo. Huston kachukua kipande cha miaka kumi na ushee, kuanzia 1885 daktari kijana wa Vienna anapofunga safari kwenda Paris kwa Charcot, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mpaka anapofikia lile wazo lake la mtoto kumtaka mzazi mmoja na kumwonea wivu mwingine. Picha nyeusi na nyeupe. Ilikuwa na dakika 140, studio ikaikata ikabaki 120, halafu ikaiongezea jina la "The Secret Passion" ili watu wadhani kuna mahaba ya siri. Waliokwenda kutafuta mahaba wakamkuta mwanamume mwenye macho ya kukosa usingizi anamuuliza binti: halafu ikawaje?

Huston huyu kafika kwetu, msimwone mgeni. Mwaka 1951 aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn Uganda na Kongo kupiga "The African Queen", ile ya boti bovu mtoni, kisa chake kikiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Karibu kikosi kizima kikaumwa tumbo, na simulizi inayorudiwa hadi leo ni kwamba yeye na Bogart walipona kwa sababu maji hawakuyagusa, walikunywa wiski. Sasa mtu wa namna hiyo, bondia wa zamani, mwindaji, mcheza kamari, unajiuliza Freud kamtoa wapi.

Kamtoa vitani. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilimpeleka hospitali ya Mason General, Long Island, akarekodi askari waliorudi bila jeraha la kuonekana lakini hawawezi kutembea, hawawezi kutamka neno, wengine hata jina hawalikumbuki. Aliona kwa macho yake daktari akimtia askari kwenye usingizi wa hipnosi, akamwambia inuka, na miguu iliyokufa ikainuka. Filamu hiyo, "Let There Be Light", jeshi likaifungia zaidi ya miaka 30. Lakini mwenyewe alishaona. Kwa hiyo kwenye "Freud", pale ukumbini kwa Charcot, mtu anayetetemeka anapotulizwa kwa neno na mwingine anatetemeshwa kwa neno, jueni kwamba muongozaji hakuwa anabuni mazingaombwe. Alikuwa anakumbuka.

Ngoja nichemshe maji, narudi na habari ya Sartre.

Kobe Hana Haraka

Kigoda nimeshaweka mkuu. Shusha.

Kipanga wa Uswahilini

Freud si ndiye yule wa kusema kila kitu ni ngono? Ukiota unapanda ngazi, ngono. Ukiota mwavuli, ngono. Mimi nimeota nadaiwa kodi ya nyumba, hiyo nayo aifafanue.

Fundi Redio

Mleta mada kasema alifuata muziki, kanigusa. Muziki ni wa Jerry Goldsmith, wakati huo bado kijana, na ulimpa nafasi ya kuwania Oscar. Walioona "Alien" ya 1979 wameshausikia bila kujua: wahariri walichomoa vipande vya "Freud" wakavipachika kwenye chombo cha angani, na Goldsmith, ambaye ndiye aliyetunga muziki wa "Alien" pia, alikereka sana. Fikirieni, muziki wa kuingia ndani ya kichwa cha mtu umekwenda kutumika kwa dude linalotoka ndani ya kifua cha mtu. Mimi naona wahariri walijua wanachofanya.

Taa ya Chemli

Fundi Redio, hilo la kifua umelimaliza.

Sasa Sartre. Mwaka 1958 Huston alimwajiri Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa, aandike skripti kwa dola 25,000. Ajabu ya kwanza ni kwamba Sartre hakuwa mfuasi wa Freud. Falsafa yake nzima inasema binadamu yuko huru na anajua anachofanya, huku Freud anasema mwenye nyumba hajui kinachoendelea chumba cha nyuma. Lakini akasoma wasifu wa Freud ulioandikwa na Ernest Jones, akamkuta mtu mwenye hofu, mgomvi, anayejitilia shaka, akampenda.

Akaleta muhtasari wa kurasa 95. Haya. Kisha akaleta skripti ambayo Huston aliipigia hesabu akaona ni filamu ya zaidi ya saa 5. Oktoba 1959 Sartre akaenda kukaa nyumbani kwa Huston, St. Clerans, huko Galway, Ireland, wakae meza moja wapunguze. Hapo ndipo pa kuchekesha. Huston anasimulia kwamba Sartre alikuwa anaongea bila kituo, kwa Kifaransa, hashiki pumzi, na ukitoka chumbani ukirudi unamkuta bado anaongea. Naye Sartre akimwandikia mwenzi wake, Simone de Beauvoir, barua za kumsema mwenyeji wake, kwamba ni mtu mtupu ndani. Siku moja shavu likamvimba Sartre kwa jino. Huston akataka kumpeleka Dublin kwa daktari wa maana, Sartre akakataa, akaenda kwa daktari wa meno wa pale pale mjini, akatoka baada ya dakika chache jino limeng'olewa, akaendelea na hoja alipoishia. Huston, aliyejifunza hipnosi kwa madaktari wa jeshi, alijaribu pia kumlaza Sartre usingizi huo. Akashindwa. Mtu asiyenyamaza utamlazaje?

Sartre akarudi Paris kupunguza. Akaleta skripti ndefu kuliko ya kwanza. Basi kazi wakapewa Charles Kaufman na Wolfgang Reinhardt, na Sartre akaagiza jina lake litolewe. Mwaka 1984, yeye akiwa ameshafariki, skripti yake ikachapishwa kama kitabu.

Mambo mengi ya Sartre yalibaki lakini, na la maana kuliko yote ni yule binti, Cecily. Hapo ndipo kinyongo changu kilipo.

Mama Wawili

Kabla hujafika huko kaka, mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi ya magonjwa ya akili miaka mingi. Hiyo filamu sijaiona. Ila hapo uliposema "halafu ikawaje" umenikumbusha. Wagonjwa wetu wengi wakiletwa, anayeongea ni ndugu. Mgonjwa amekaa katikati, shangazi kulia, kaka kushoto, wanaeleza: amevunja sahani, halali, anasema peke yake. Tunaandika. Dawa inaanza. Nilikuwa na mama mmoja, wiki nzima hakutoa neno. Siku hiyo nilikuwa zamu ya usiku, umeme umekatika, nikakaa kitandani kwake kwa kuwa pale ndipo palikuwa na dirisha lenye mbalamwezi. Sikumuuliza kitu, nilikuwa nimechoka tu. Akaanza kusema mwenyewe. Alisema mpaka alfajiri. Sisemi alipona siku hiyo, alikaa kwetu miezi. Lakini asubuhi aliomba uji.

Endelea.

Taa ya Chemli

Dada, ahsante. Umenitangulia, maana hoja yangu ni hiyo hiyo uliyoikalia kitandani.

Cecily anachezwa na Susannah York, wakati huo miaka 22. (Sartre alimtaka Marilyn Monroe. Anna Freud, binti wa Freud, hakuitaka filamu hii kabisa, na daktari aliyekuwa anamtibu Marilyn alikuwa rafiki wa Anna. Marilyn akajitoa.) Binti haoni vizuri, miguu inamgomea, ana kumbukumbu ya kifo cha baba yake ambayo anaisimulia kama mtu anayesoma barua: usiku madaktari waligonga mlango, wakampeleka hospitali Naples, manesi wakampokea kwa heshima, baba amelala, amekufa.

Tunaonyeshwa yote, tunaamini. Kisha Freud anaanza kuuliza vitu vidogo. Hospitali gani ina muziki usiku? Manesi gani wamevaa hivyo? Na filamu inarudia kipande kile kile, mlango ule ule, ngazi zile zile, ila sasa waliogonga mlango ni polisi, manesi ni makahaba, na hospitali ni danguro. Baba alifia juu ya kitanda cha danguro na binti aliitwa kumtambua. Sijaona filamu nyingine inayoonyesha namna akili inavyojishonea pazia kwa uhodari ule. Kitu hakikufutwa. Kilivishwa nguo nyeupe.

Uzuri wote nimeukubali. Sasa kinyongo.

Cecily hakuwahi kuwepo. Kaundwa kwa viraka vya wagonjwa kadhaa, lakini kiraka kikubwa ni yule anayeitwa kwenye vitabu Anna O. Jina lake la kweli ni Bertha Pappenheim, na hilo la kubuni walilipata kwa kurudisha kila herufi nyuma hatua moja: B ikawa A, P ikawa O. Aliugua mwaka 1880, Vienna, akiwa na miaka 21, akimuuguza baba yake. Alitibiwa na Josef Breuer, daktari wa Vienna aliyekuwa rafiki wa Freud. Freud hakuwahi kumtibu hata siku moja. Mkewe Martha ndiye aliyefahamiana naye.

Ugonjwa ulipomzidi Bertha alipotelewa na Kijerumani, lugha aliyozaliwa nayo, akabaki na Kiingereza. Kuna kipindi cha joto kali alikaa karibu wiki 6 bila kuweza kunywa maji. Anaishika glasi, anaitamani, ikigusa mdomo anaisukuma, anaishi kwa matikiti na matunda. Siku moja, akiwa kwenye hipnosi, akamsimulia Breuer kwa kinyaa jinsi alivyomkuta mbwa wa mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akikaa naye akinywa maji kwenye glasi, na yeye kwa adabu akanyamaza. Alipomaliza kusema akaomba maji, akanywa mengi, akazinduka glasi ikiwa mdomoni.

Nani aligundua nini hapo? Breuer hakuwa na mpango wowote. Binti ndiye aliyetaka kusimulia kila jioni, na binti ndiye aliyeipa kazi hiyo jina, kwa Kiingereza chake hicho hicho: tiba ya maongezi. Akitania aliita kufagia dohani. Miaka michache baadaye mjane mmoja tajiri, anayeitwa Emmy von N. vitabuni, akamkaripia Freud mwenyewe aache kumkatiza kwa maswali, amwache aseme alichonacho. Freud, na hapa nampa haki yake, aliliandika karipio hilo na akalitii.

Kwa hiyo chanzo cha ufundi wote ule ni wanawake wawili wagonjwa waliowaambia madaktari: nyamaza, nisikilize. Filamu imegeuza. Humo ndani binti anatapatapa gizani na mwanamume mwenye taa anamfungulia milango. Taa ilikuwa mkononi mwa binti!

Mtu wa Kagera

Mleta mada, hiyo filamu ilitoka Desemba 1962? Basi mwaka huo huo kwetu kulikuwa na la kwetu. Kashasha, karibu na Bukoba, shule ya bweni ya wasichana ya misheni. Januari 30, 1962, wasichana watatu walianza kucheka. Kucheka hakukukoma. Kilio, kicheko, kukimbia huku na huko, saa nzima, siku nzima, wengine siku kadhaa. Waliopatwa walifika 95 kati ya wanafunzi 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Mabinti waliporudi makwao kikahamia Nshamba na kwingine, mpaka shule 14 zikafungwa. Walimu hakuna aliyepatwa. Madaktari walipima damu, walipima unga, hawakuona sumu wala kijidudu.

Bibi yangu alikuwa binti wakati huo, ingawa si pale. Anasema watu walisema mengi: mabomu ya wazungu yametia sumu hewani, mizimu. Nikamuuliza, waliulizwa wenyewe? Akanitazama kama nimesema upuuzi. Binti wa bweni mwaka 1962 aulizwe nini?

Kobe Hana Haraka

Mtu wa Kagera, hilo la bibi lingekuwa uzi peke yake.

Kipanga wa Uswahilini

Na hizi za siku hizi, mabinti wanaanguka shuleni wakipiga kelele, tunaita mapepo, analetwa shehe, analetwa mchungaji, analetwa na mganga wa kienyeji kwa mlango wa nyuma. Hapo sitanii.

Nahodha Mstaafu

Nimesoma yote kwa utulivu. Napingana na mleta mada, tena kwa heshima.

Unasema binti kaporwa jina. Nani alimpora? Ernest Jones mwaka 1953 alilitaja hadharani jina la Bertha kwenye wasifu wa Freud, na waliomfahamu wakakasirika, maana mama yule alikuwa ameshakufa tangu 1936 na maisha yake yote hakupenda kulizungumzia lile. Sasa filamu inakuja miaka 9 baadaye, inamficha kwenye jina la Cecily, wewe unaita uporaji. Mimi naita stara. Mtu akikusimulia siri zake akiwa mgonjwa, hazigeuki kuwa mali ya watazamaji kwa sababu miaka imepita.

La pili, filamu si hati ya mahakama. Kuna kipande Breuer anakimbia kwa sababu Cecily anadai ana mimba yake, mimba ya akilini. Watu wanakisimulia kama historia. Kilitoka kwenye maelezo ya Freud miaka 50 baadaye, Jones akakoleza chumvi: eti Breuer alikimbilia Venice na mkewe, na huko akatungwa binti yao Dora. Mtafiti Henri Ellenberger akaenda kwenye rejista: Dora alizaliwa Machi 1882, na tiba ya Bertha iliisha Juni 1882. Mtoto katangulia safari aliyotungiwa. Ellenberger huyo huyo akaonyesha kwamba Bertha hakupona kama kitabu cha Breuer na Freud kilivyodai. Julai 1882 alilazwa Kreuzlingen, Uswisi, akiwa hawezi kuishi bila mofini, dawa kali ya maumivu inayolevya. Kwa hiyo hata hiyo "tiba ya maongezi" unayoililia, ilikuwa na deni.

Na zile zomeazomea madaktari wanazompigia Freud ukumbini? Mhadhara wa kweli wa 1886 haukuwa na vita ya namna ile. Wazee wa Vienna walimwambia tu kwamba histeria (mwili kuugua kwa jambo lililo akilini) ya wanaume si habari mpya. Kuambiwa "hilo tunalijua" kunauma kuliko kuzomewa, lakini kwenye filamu hakupendezi.

Freud mwenyewe alijua mambo haya. Mwaka 1925 Samuel Goldwyn alikuwa tayari kumpa dola 100,000 ashiriki kutengeneza filamu ya mapenzi. Hakukubali hata kuonana naye.

Taa ya Chemli

Mzee wangu Nahodha, shikamoo. La stara limenikaa. Nimelala nalo jana usiku na sina jibu lake lote.

Nilichonacho ni hiki. Stara ingekuwa kumpumzisha Bertha kabisa. Huston alichukua ugonjwa wake, akachukua usimulizi wake, akaacha kilichofuata. Maana Bertha hakuishia kitandani. Alihamia Frankfurt, akaongoza nyumba ya watoto yatima, mwaka 1904 akaanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi Ujerumani, mwaka 1907 akafungua makao Neu-Isenburg kwa mabinti waliozaa bila ndoa na waliookolewa kwenye biashara ya kuuzwa. Alisafiri Galisia, huko Ulaya Mashariki, na nchi za Balkani akiwafuatilia wasichana waliopelekwa kwenye madanguro.

Sasa rudini kwenye filamu. Kipande kikubwa kuliko vyote ni binti kukumbuka danguro. Na mwanamke ambaye binti huyo kachongwa kwake alitumia nusu ya umri wake kuwatoa mabinti madanguroni, kwa miguu yake, ile ile iliyokuwa imepooza. Sijui kama waandishi waliliona hilo au liliwapitia. Ukitaka mfano wa kitu kilichofichwa akilini kikatokea kimevaa nguo nyingine, ndio huo, umo ndani ya filamu yenyewe.

La mofini na Kreuzlingen nalikubali lote, Nahodha. Nilikuwa nalijua, nikaliruka kwa sababu lilikuwa linaniharibia hoja. Umenikamata.

Mama Wawili

Kuruka kitu kwa kuwa kinakuharibia hoja. Freud angekuita kitini.

Fundi Redio

Hamjamgusa mwigizaji mkuu. Hebu semeni kuhusu Montgomery Clift, mimi ndiye aliyenibakiza mpaka mwisho. Yale macho.

Taa ya Chemli

Ni kweli, nilimsahau, na bila yeye filamu haisimami.

Clift alikuwa kati ya vijana wazuri kuliko wote Hollywood mpaka Mei 1956 gari lake lilipogonga nguzo. Uso ukashonwa, ukabaki na upande usiochangamka vizuri. Pombe na vidonge vikafuata. Anapofika Munich na Vienna mwaka 1961 kupiga "Freud" ni mgonjwa, hakumbuki maneno, macho yana mtoto wa jicho. Huston hakuwa mpole naye hata kidogo, watu waliokuwepo wamesimulia ukali uliopita kiasi. Siku zikazidi, gharama zikazidi, studio ikamshtaki kwa kuchelewesha kazi, wakaja kumalizana nje ya mahakama. Akakaa miaka minne bila filamu. Alifariki Julai 1966, miaka 45.

Sasa mwangalieni tena mkijua hayo. Kuna kipande cha kijana Carl, ambaye amemshambulia baba yake. Freud anamlaza hipnosi, kijana analiendea sanamu lililovishwa sare ya kijeshi ya baba, analichoma, kisha anakumbatia sanamu jingine analoliita mama. Kamera inarudi kwa Freud. Anapaswa kuonekana daktari aliyegundua jambo. Anachoonyesha Clift ni mtu aliyefungua mlango wa chumba cha jirani akakuta vyombo vya kwake. Anamzindua kijana haraka haraka na kuondoka. Daktari na mgonjwa wanaogopa kitu kimoja, na mwigizaji hakuhitaji kuelekezwa.

Nyongeza ndogo. Breuer anachezwa na Larry Parks. Mwaka 1951 Parks aliitwa mbele ya kamati ya bunge la Marekani iliyokuwa inasaka wakomunisti. Aliomba, karibu kwa machozi, asilazimishwe kutaja wenzake. Wakambana, akataja. Kazi zikakauka, na "Freud" ndiyo ikawa filamu yake ya mwisho. Ni mtu aliyejua kusema kwa kubanwa kunafananaje, na humo kapewa nafasi ya daktari mpole asiyetaka kumbana mgonjwa wake. Pale anaposimama ukumbini na kushindwa kumuunga mkono Freud mbele ya wenzake, mimi huwa naangalia pembeni.

Nahodha Mstaafu

Marahaba, kijana. La Parks sikulijua. Nitaitafuta tena.

Mtu wa Kagera

Nilimpigia bibi simu jana nikamsomea habari za Bertha na glasi ya maji. Akacheka. Akasema yeye tangu utoto hanywi maziwa ya moto, na sababu anaijua, na hatanieleza.

Kobe Hana Haraka

Bibi ana stara kuliko Jones.

Kipanga wa Uswahilini

Wakuu, nimeitafuta jana usiku nikaiangalia. Ripoti: inaanza giza na vitu vinang'aa kama nyota, sauti nzito inasema kiburi cha binadamu kimepigwa makofi matatu, la Copernicus (dunia si katikati ya ulimwengu), la Darwin (binadamu katokana na wanyama) na la huyu Freud. Nikasema haya, kazi ipo.

Fundi Redio

Sauti hiyo ni ya Huston mwenyewe.

Kipanga wa Uswahilini

Basi sauti ya Huston ndiyo iliyoniponza. Kufika kwa Charcot, anamwambia yule mgonjwa alale, mimi nikalala. Huyo Sartre alishinda, mimi mwenzenu sikuweza. Nimezinduka muziki umepanda, naona wanawake wamejipaka rangi usoni wanacheka kwenye ngazi, binti amesimama katikati ya polisi. Usingizi ukaisha kabisa. Nikarudisha nyuma nione wametoka wapi, nikakuta manesi. Nikasogeza mbele, makahaba. Nyuma, manesi.

Nimefanya hivyo kama mara nne hivi. Leo usiku naianza upya toka mwanzo, nimenunua kahawa.

Taa ya Chemli

Ukifika kwa Carl usipeleke mbele.